Jinsi ya kutambua kundi tendaji kwenye praktiko ya kemia bila kubahatisha

Wanafunzi wengi wanazijua kichwani testi zote za makundi tendaji (sehemu ya molekuli inayoamua jinsi inavyotenda, kama COOH au OH), ila wakipewa kimiminika kisicho na jina wanaanza na yoyote, mara sodiamu mara daikromati, mwisho majibu yanawachanganya. Cha muhimu ni mpangilio, maana testi moja inaweza kukubali makundi mawili matatu, kwa hiyo anza na ile inayobagua zaidi.

Anza na sodiamu haidrojeni kaboneti. Ikitoa mapovu na gesi yake ikageuza maji ya chokaa kuwa meupe, hiyo ni asidi ya kaboksili, yaani ina COOH. Fenoli nayo ni asidi lakini dhaifu mno, hapa haitoi kitu.

Hakuna mapovu? Tia maji ya bromini. Rangi ikipotea yakashuka mashapo meupe wazia fenoli, ikipotea bila mashapo wazia alkeni (yenye C=C), ila usiandike jibu bado kwa sababu aldehaidi nazo zinaweza kuifuta rangi taratibu.

Sasa tia 2,4-DNP, kemikali ya kupimia C=O. Mashapo ya njano au machungwa maana yake kuna C=O ya aldehaidi au ketoni, na hapo ndo unaingia Tollens (myeyusho wa fedha na amonia) kuzitenganisha. Chukua nitrati ya fedha, dondoshea sodiamu haidroksaidi kidogo utaona mashapo ya kahawia, halafu ongeza amonia tone kwa tone mpaka yayeyuke tu, usizidishe. Tia sampuli yako, weka testityubu kwenye maji ya moto, sio kwenye moto wenyewe. Aldehaidi inatandaza kioo cha fedha ukutani, ketoni haifanyi hivyo. Testityubu ikiwa chafu kioo hakitokei, unapata weusi weusi tu. Na tafadhali sana usiitunze Tollens mpaka kesho, ikikaa inaweza kulipuka! Ukimaliza suuza na asidi ya nitriki iliyozimuliwa.

Alkoholi zinakuja mwisho kwa sababu sodiamu inatoa haidrojeni hata kwa maji, asidi na fenoli, so sampuli lazima iwe kavu kabisa. Ikitoa mapovu, pasha kiasi kingine cha sampuli na daikromati yenye asidi: alkoholi za praimari na sekondari (kaboni yenye OH imeshikana na kaboni moja au mbili) zinageuza machungwa kuwa kijani, tasheri (imeshikana na kaboni tatu) inabaki machungwa vilevile.

Ikikataa zote na inanukia matunda, wazia esta.