Askari Akiumia Kazini Kenya: Jinsi ya Kudai Fidia

Fidia ya askari polisi mara nyingi huharibikia siku ile ile ya kuumia, kwenye kitabu cha OB (Occurrence Book), kile cha kuandikia matukio kituoni. Ukiandikisha "askari ameanguka" basi, umeipa kampuni ya bima nafasi ya kusema ulianguka nyumbani. Taja saa, mahali, zamu uliyokuwamo na aliyekupangia, kilichokuumiza, na kiungo chenyewe pamoja na upande wake: "goti la kushoto", si "mguu". Shahidi atajwe kwa nambari yake ya kazi. Kama umebebwa moja kwa moja hospitalini, mwenzako akuandikishie na akuletee nambari ya OB.

Daktari naye aelezwe kwamba uliumia kazini, aandike hivyo kwenye karatasi za mwanzo kabisa. Bima ya matibabu italipa bili, na hapo wengi hudhani mambo yameisha. La! Bili ni kitu kimoja. Goti lisilokunjika tena ni dai lingine.

Dai hilo liko chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, yaani WIBA. Mwajiri anatakiwa kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, au saa 24 askari akifariki. Fomu ni DOSH/WIBA 1: mwajiri ana sehemu yake, daktari yake. Toa nakala kabla ya kuikabidhi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana uhamisho ukikukuta katikati, faili hubaki kituo cha zamani. Dai lenyewe liwasilishwe kabla miezi 12 haijapita.

Ulemavu wa kudumu huhesabiwa hivi: mapato ya mwezi mara 96, mara asilimia aliyotoa daktari. Mapato ya shilingi 50,000 na ulemavu wa asilimia 15 ni shilingi 720,000. Kagua hayo "mapato": thamani ya nyumba unayopewa na mwajiri huingia, malipo ya gharama maalumu kama za safari hayaingii. Usipimwe asilimia jeraha likiwa bichi.

Hukuridhika na uamuzi wa Mkurugenzi? Pinga kwa maandishi ndani ya siku 60. Akikataa, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwajiri huwezi kumshtaki nje ya WIBA, lakini dereva wa matatu aliyekugonga kwenye kizuizi cha barabarani unaweza kumshtaki, kwa hiyo nambari ya gari lake nayo iwemo kwenye OB.