Kusoma maji ya Rio Negro kabla ya kumvua tukunare

Kwa anayemvua tukunare, samaki mwindaji wa mito ya Amazoni, kwenye Rio Negro, Brazili, kimo cha maji ndicho huamua kila kitu. Mto ukijaa, samaki huingia ndani ya msitu uliofurika, na huko chambo hakiwafikii. Subiri maji yashuke, kwa kawaida kati ya Septemba na Februari upande wa mji wa Barcelos, samaki wanapobanwa kwenye mkondo mkuu na mabwawa ya pembeni.

Jioni chomeka kijiti ukingoni na utie alama usawa wa maji. Ukikuta asubuhi alama imezama, mvua imenyesha huko juu na samaki wameanza kutawanyika vichakani. Acha mabwawa ya ndani, ujaribu midomo yake.

Tumia mshipi wa kusuka unaohimili kilo 22 hadi 30. Mwembamba zaidi utakatika, maana samaki huyu akinasa hukimbilia moja kwa moja kwenye magogo. Ndoana nyembamba nazo hunyooka. Ng'oa zile zilizokuja na chambo bandia, weka nene.

Maji yakiwa shwari, tupa chambo cha kuelea chenye pangaboi mkiani, ukivute kwa mikupuo mifupi. Samaki akikikosa, mwenzako arushe papo hapo jigi (ndoana yenye kichwa kizito) ya manyoya ya gramu 15. Mara nyingi atairukia.

Dume mwenye nundu kichwani huenda analinda makinda. Mshike tumbo kwa mkono uliolowa, umrudishe palepale alipotoka, upesi, kabla samaki wengine hawajawamaliza wanawe.