Kujenga kibanda cha mawe cha kupumzikia kwenye njia ya mlima

Kwenye njia za zamani za milima ya China, hasa majimbo ya Zhejiang na Fujian, vipo vibanda vya mawe vilivyokaa juu ya njia yenyewe: unaingia upande huu, unatokea upande wa pili, na mabenchi yako kulia na kushoto. Usemi wao wa kale unapima safari kwa vibanda, kidogo kila li 5 na kikubwa kila li 10. Li moja ni kama nusu kilomita. Umbo hilo linafaa sana Uporoto, Rungwe na Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako viazi na ndizi bado vinapita vichwani.

Mahali msipachague kwa uzuri wa mandhari. Jengeni pale ambapo watu tayari wanatua mizigo, nyasi zimelala na ardhi imekanyagwa. Epukeni mkondo wa maji, na kilele kilicho wazi kwa sababu ya radi. Ndani ya hifadhi ya msitu wa Rungwe ruhusa inatoka TFS (wakala wa misitu), Kitulo ni TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Kwingine anzieni serikali ya kijiji.

Ndani pawe na urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 2.4: njia ya mita 1.5 katikati, benchi la sm 45 kila upande, kimo sm 45. Kuta ni mbili tu, za pembeni. Benchi moja liishie sm 90 kabla ya mlango, na nafasi hiyo ijazwe mawe hadi kimo cha sm 130. Hapo ndipo pa mzigo. Mama aliyetua gunia chini lazima asubiri mtu wa kumtwika. Akilitua kwenye kimo cha bega, analivuta hadi ukingoni, anakunja magoti, anaingiza kichwa chini yake na kuinuka mwenyewe. Msiache kipande hiki hata kama mawe yamepungua, punguzeni benchi.

Msingi uchimbwe upana wa sm 60 na kina kisichopungua sm 70. Udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi na ukilowa unateleza, kwa hiyo pigeni mtaimbo: ukizama kwa urahisi, endeleeni kuchimba. Chini shindilieni mawe madogo, unene wa sm 15.

Kila jiwe lipigwe nyundo. Linalolia kama chuma ni zima. Linalotoa sauti ya kufa lina ufa. Yale mepesi yenye matundu yasibebe uzito. Upande wa Iringa matale (graniti) yana nguvu ila kuyachonga ni kazi, basi tafuteni yaliyopasuka yenyewe kuwa bapa.

Ukuta uwe na unene wa sm 45 na kimo cha mita 2.1. Kila mita moja kwa urefu, na kila sm 60 kwenda juu, lazeni jiwe la kufunga linalovuka ukuta wote. Bila hayo mnakuwa na kuta mbili nyembamba zilizoegemeana. Maji yanaingia katikati, ukuta unatoa tumbo, kisha unamwagika.

Udongo wa kujengea: ndoo 1 ya saruji, 1 ya chokaa, 6 za mchanga. Tengeni mifuko 15 ya saruji ya kilo 50. Mafundi wa kale wa China walichanganya chokaa na uji wa mchele unaonata, na wanga wake ndio ulioongeza nguvu. Mchele wa Kyela si wa aina hiyo, msiupoteze. Jengeni Juni hadi Septemba, lakini huko juu kuna jalidi, baridi ya kugandisha: simamisheni kazi saa 10 jioni na kufunika ukuta kwa nyasi usiku. Mchana lowesheni kwa siku 7.

Kibanda kilicho wazi pande mbili upepo unakibeba kutoka chini. Kwa hiyo zikeni nondo za mm 10 ukutani, kina cha sm 60, kila mita moja, na kuzikunja juu ya mbao inayolala ukutani. Tumieni msonobari wa Mafinga uliotiwa dawa, bati la geji 28, mwinamo wa nyuzi 30, na paa litokeze sm 60.

Mtaro wa upande wa juu ndio unaookoa yote. Uwe mita 1 kutoka ukutani, upana sm 40, kina sm 30, ushuke sm 2 kila mita, na utandikwe mawe. Sakafu iinuke sm 15 kuliko ardhi ya nje, ikiinama kidogo kuelekea bondeni.

Mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha, mtu asimame ndani aangalie maji yanapokwenda. Yakiruka mtaro, panueni siku hiyohiyo, udongo ukiwa bado laini.