Bogenvilia ya getini: ilaze, usiinyoe

Habari zenu wapenda maua. Wiki haipiti bila mtu kunionyesha kwenye simu ile picha ya Japani, maua ya zambarau yananing'inia kama pazia, ananiuliza fundi hili si naweza kulipanda kwangu Sahare? Ile ni wisteria. Ni nzuri mno, na kule Ashikaga upo mmoja una zaidi ya miaka 150 na mwaka 1996 waliuhamisha mzima mzima na ukashika. Ila wisteria inataka baridi ya kweli, msimu mzima wa baridi, ndiyo iamke na maua, na sisi Tanga hata mwezi wa saba mtu analala na shuka moja nyepesi na bado anaiona nyingi. Ukiipanda huku pwani utapata majani tu, halafu mbegu zake na maganda yake ni sumu, kama una watoto wa kutia kila kitu mdomoni achana nayo.

Lakini wale watunza wisteria wana kitu kimoja ambacho kimebadilisha kabisa kazi yangu. Wao hawanyoi. Wanachagua matawi machache, wanayalaza kwenye waya, halafu kila mwaka wanafupisha vijitawi vya pembeni mara mbili, wakati wa joto wanaacha majani matano au sita, wakati wa baridi wanarudi wanakata mpaka macho mawili matatu, yaani vile vivimbe vidogo vya kuchipulia. Bogenvilia inakubali mtindo huo huo na hiyo tunayo, toka Raskazone mpaka Mikanjuni kila mtaa unaikuta getini.

Sasa angalia tunavyoifanyia. Sikukuu inakaribia, anaitwa kijana na panga, anapiga juu, anapiga pembeni, ukuta unaonekana msafi siku hiyo hiyo na mwenye nyumba anafurahi, wiki tatu baadaye pale pale kwenye vidonda vinatoka vijiti kumi vyote vinakimbilia juu, majani tu, na ndani kumebaki ukavu na miba. Halafu wanasema bogenvilia yangu dume haitoi maua. Jamani si dume! Bogenvilia inatoa maua kwenye vijitawi vipya, kule kwenye ncha, na wewe kila ikijiandaa unapita na panga unaondoa ncha zote.

Tena niseme hapa hapa, ile rangi siyo ua. Chuma moja uitazame kwa karibu, zile karatasi tatu za waridi au zambarau ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni vile vichupa vyembamba vilivyo katikati, kwa kawaida vitatu, vyeupe au rangi ya maziwa. Ndiyo maana rangi inakaa wiki nyingi bila kuanguka. Jina limetoka kwa nahodha Mfaransa, Bougainville, msafara wake ndio uliokutana nao huko Brazili mwaka 1767, na mmea wa kwao huko ni wa jua kali na kiu, likumbuke hilo maana tutalirudia.

Hatua ya 1: vifaa

Mkasi wa bustani wa makali yanayopishana, msumeno mdogo, tupa ya kunolea, glavu za ngozi (za kitambaa miba inapita), shati la mikono mirefu, spiriti na kitambaa cha kufutia mkasi ukitoka mti mmoja kwenda mwingine. Na kamba ya katani. Panga liache stoo.

Kwenye kamba naomba tukae kidogo. Kuna nyumba moja Raskazone niliitwa kwa sababu upande mmoja wa bogenvilia ulikuwa unanyauka, na aliyeifunga mwanzo alitumia waya wa kufungia nondo, akaukaza vizuri kabisa kama anafunga nguzo. Miaka miwili imepita. Nilipapasa shina nikaona limevimba juu kama goti, chini yake jembamba, waya hauonekani, umeshamezwa. Nikachana gamba kidogo kwa kisu nikaukuta ndani, kutu tupu, na mti pembeni yake umekuwa wa kahawia. Tawi la unene wa kifundo cha mkono, ikabidi nilikate lote. Iliniuma sana maana mama wa pale alilipanda mwenyewe. Tangu hapo sifungi na kitu kingine zaidi ya katani, na sisi tuko Tanga jamani, mkonge umefika huku tangu 1893, kamba yake hadwea zote ipo na bei yake ndogo. Katani inashika lakini haikati gamba, na ukiisahau inaoza yenyewe kabla haijaua tawi. Wanaopenda nailoni kwa sababu haiozi, ubaya wake ndio huo huo, haiozi.

Hatua ya 2: pa kuilalia

Bogenvilia haina mikono ya kujishikia kama pasheni, inaegemea tu na kujikwamisha kwa miba, kwa hiyo usipoifunga itajitupa inakotaka. Kwenye ukuta piga misumari mirefu au vyuma vinavyotoka nje kama kiganja hivi, upana wa vidole vinne au zaidi, tandaza waya mnene mistari mitatu au minne, ya kwanza usawa wa kiuno, kila mmoja upishane na mwenzake sentimita 40 mpaka 45. Ile nafasi kati ya waya na ukuta ni muhimu, hewa inapita, na siku ya kupaka chokaa huhitaji kukata mti. Kama ni upinde wa geti mwambie fundi wa kuchomelea ausimamishe juu, mita 2.5 isipungue, maana miba itaning'inia na watu wanapita chini na ndoo kichwani.

Na paangalie jua. Pasipopata jua la moja kwa moja saa sita kwa siku usijisumbue, chini ya mwembe utapata mti mrefu mwembamba wenye majani mazuri tu.

Hatua ya 3: kupanda bila kugusa mizizi

Mizizi ya bogenvilia ni laini na inakatika upesi. Usiuchomoe mche kwenye kiriba kwa kuvuta shina, na usitikise udongo. Weka kiriba chote shimoni, kipasue kwa wembe ukiwa humo humo, kitoe taratibu kwa pembeni, fukia. Basi. Shimo liwe futi moja na nusu toka ukutani.

Hatua ya 4: mwaka wa kwanza, chagua fimbo zako

Hapa ndipo kazi yote ilipo, ukipatia hapa miaka kumi mbele ni raha. Mche ukishika utatoa vijiti vingi vinavyokwenda juu, vile virefu vilivyonyooka mimi naviita fimbo. Chagua fimbo mbili kwa kila mstari wa waya, moja ya kulia moja ya kushoto, zingine kata toka shinani. Roho itakuuma kukata tawi zima zuri, lakini kata.

Halafu zilaze. Sababu ni hii: tawi likisimama wima, ncha ya juu ndiyo inatawala, macho ya chini yote yanalala. Ukililaza, ule utawala wa ncha unapungua na macho yaliyoko mgongoni yanaanza kuamka moja moja, kila jicho linatoa kijitawi, na kila kijitawi ni ncha mpya ya kuwekea maua. Fimbo moja ya mita mbili iliyosimama inaweza kukupa kishada kimoja tu kule juu, ikilala inakupa mstari mzima.

Usiilaze kwa siku moja, itakuvunjikia mkononi, tena inavunjikia pale chini kabisa ambapo huwezi kupata nyingine. Nyima maji siku mbili, fanya kazi saa tisa au kumi jioni ambapo mti umelegea kidogo na joto, asubuhi umejaa maji unakatika kama bamia. Siku ya kwanza ivute mpaka kama mkono wa saa ulio kwenye mbili, funga, iache wiki nzima, wiki ya pili vuta tena, ya tatu inalala. Na ile ncha ya mwisho, kama shubiri moja hivi, iache inatazama juu kidogo mpaka fimbo ifike mwisho wa waya, ukilaza na ncha nayo inaacha kurefuka.

Kufunga: zungusha katani kwenye waya kwanza mara mbili ikaze, kisha ipishanishe iwe kama namba 8, ndipo izunguke tawi, na ibaki nafasi ya kidole kupita. Waya ndio unaobanwa, tawi linabebwa tu.

Hatua ya 5: kukata vijitawi

Fimbo zikishalala na kutoa vijitawi vya pembeni, sasa mkasi unaingia. Shika kijitawi, tafuta mahali jani linapoota, utaona mwiba hapo na jirani yake uvimbe mdogo kama punje ya mtama. Hilo ndilo jicho. Hesabu mawili matatu toka kwenye fimbo, kata juu ya la mwisho, nusu sentimita hivi, mkato uinamie upande wa pili ili maji ya mvua yasitiririkie jicho. Chagua jicho linalotazama nje, siyo ukutani. Ukifanya hivyo mara kwa mara vinabaki vile vijiti vifupi vifupi kama vidole, maua yanarudi hapo hapo kila msimu na ukuta haunenepi.

Lini? Kwa hapa Tanga mimi kata kubwa naifanya mwishoni mwa Februari mpaka Machi mwanzoni, maua ya kaskazi yakishapauka na masika bado. Masika yenyewe naiachia mti ukimbie, kazi yangu ni kulaza fimbo mpya zinazohitajika na kutoa vile vinavyochipuka chini shinani. Mvua zikipungua mwezi wa sita nafupisha kidogo, na mwezi mmoja na nusu mpaka miwili baadaye rangi inalipuka. Vuli ikiisha Desemba napita tena kidogo kwa ajili ya kaskazi. Vishada vikishakauka navyo kata, usisubiri vianguke.

Hatua ya 6: kiu na mbolea

Mti wa miaka miwili kwenda mbele ulioko ardhini usiumwagilie kila jioni kama mchicha. Kiangazi mara moja kwa wiki, maji mengi yazame, inatosha, na baada ya ile kata ndogo nausubiri mpaka majani yalegee mchana ndiyo namwaga. Kiu kidogo ndiyo inauambia weka maua. Urea na mbolea ya kuku nyingi ni majani juu ya majani. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, debe moja mwanzo wa mvua, mimi sizidishi.

Majivu msimwage, nawaomba. Sehemu nyingi za huku pwani chini ni matumbawe, udongo tayari una chokaa nyingi, ukiongeza majivu, au fundi wa rangi akaoshea ndoo yake ya chokaa hapo shinani, majani machanga yanageuka njano mishipa ikibaki kijani. Ukiona hivyo rundika mboji na majani yaliyooza kuzunguka shina, na uwe na subira.

Kama tayari unayo pori

Mti wa miaka mingi ulionyolewa na panga unaokoleka. Usiukate wote siku moja. Ingia na msumeno mwanzoni mwa Machi, toa kwanza vyote vilivyokauka ndani, kisha toa theluthi ya matawi makubwa mpaka karibu na shina, theluthi nyingine mwaka unaofuata, hivyo hivyo. Fimbo mpya zitakazotoka zilaze kama hatua ya 4. Kuna baba mmoja Chumbageni mwaka wa kwanza hakunielewa kabisa, ukuta ulikuwa na mapengo akasema nimemharibia, mwaka wa pili mwezi wa nane akanipigia simu asubuhi na mapema, hakuwa na shida yoyote, alitaka tu nije nione.

Anayetaka zambarau ya picha lazima, atafute petrea, ile ya majani makavu yanayokwaruza kama msasa. Inapenda joto, vishada vyake vinainama karibu kama vya wisteria, na inalazwa na kufungwa vile vile, raha yake haina miba.

La mwisho ni takataka. Ulichokata usikitupe barabarani hata kwa usiku mmoja. Mji wetu huu ni wa baiskeli, mwiba wa bogenvilia ukikauka ndio unakuwa mkali zaidi, na nimeshamwona mtoto wa mandazi amekaa ukingoni asubuhi na pancha mbili, beseni lake pembeni, mandazi yanapoa. Kusanya kwa reki, ponda ponda kwenye kiroba, fukia au choma vikishakauka, halafu pita tena na fagio ya chelewa mpaka nje ya geti, na ukichomwa osha kwa sabuni hapo hapo, mwiba ukiingia ndani nenda zahanati ukaulizie sindano ya pepopunda.