Nani ameshika swichi ya pampu yako?

Saa nane na nusu usiku mlinzi wa tangi la mlimani alinipigia. "Mwanangu, huku juu maji yanamwagika kama masika. Mmelala?"

Hatukuwa tumelala. Nilikuwa mbele ya kompyuta ya zamu na skrini ilikuwa kijani tupu: pampu namba 2 inakwenda, hakuna hitilafu. Mimi niliangalia rangi, namba sikuisoma. Namba ilisema tangi liko mita 4.0. Tangi letu lina kina cha mita 4, pampu huzima kwenye 3.6, na mtu alikuwa ameandika izime ikifika 5.4. Ingesubiri hadi kiama.

Mtu mwenyewe hakuwa mdukuzi. Alikuwa kijana wa mkandarasi aliyetufungia mitambo, yuko zake Dar es Salaam, amefungua mitambo ya miji miwili kwenye laptopu moja. Tangi la wenzetu lina mita 6. Akaandika kiwango chao kwenye dirisha letu, akafunga laptopu, akalala. Tangu usiku ule nikisikia "usalama wa mtandao" najiuliza mambo mawili tu: nani anaweza kugusa pampu yangu bila mimi kujua, na akiigusa vibaya kitu gani kitamzuia?

Haya nawaandikia mafundi wenzangu wa mamlaka ndogo za maji, zile ambazo idara nzima ya TEHAMA ni mtu mmoja, naye ndiye anayetengeneza printa.

Anza na daftari na viatu. Zunguka kila kituo: kisima, nyumba ya pampu, chumba cha klorini, tangi. Fungua kila paneli, andika kila kitu chenye antena, kila waya wa mtandao na unakoelekea, kila kompyuta na programu za kuingilia kutoka mbali kama AnyDesk au TeamViewer. Kisha nenda kwa mhasibu. Usicheke, mhasibu ndiye aliyetufumbua macho. Muombe orodha ya laini za simu zinazolipiwa bando kila mwezi. Sisi tulijua tuna modemu moja, kile kisanduku chenye laini ya simu kinacholeta intaneti, yeye alikuwa analipia mbili. Ya pili tuliikuta nyuma ya paneli ya kisima, imefungwa kwa selotepu, taa inawaka. Laini ilisajiliwa kwa jina la mtumishi aliyeacha kazi zamani.

Kwa kila modemu fanya jaribio hili: chukua simu yako, zima waifai, tumia bando lako, andika anwani ya IP ya modemu kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingilia ukifunguka kwako, ujue unafunguka kwa yeyote duniani. Iombe kampuni ya simu njia ya faragha, APN binafsi, ili laini hiyo isionekane kwenye intaneti ya wote. Ukurasa usipofunguka, usishangilie bado. Endelea na hatua zinazofuata.

Sasa mkandarasi. Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu ni mtu tunayemhitaji na tunamheshimu, na mara nyingi ndiye pekee anayejua programu ya PLC, kile kisanduku kinachoziamuru pampu. Sisi hatukumfungia mlango. Tuliweka swichi ya ufunguo kwenye umeme wa modemu. Ufunguo anao fundi wa zamu. Kijana akitaka kuingia anapiga simu, anataja jina lake na anachokuja kufanya, tunaandika saa ya kuwasha, tunakaa mbele ya skrini mpaka amalize, tunazima, tunaandika saa ya kuzima. Mwanzoni alinung'unika. "Fundi, huniamini?" Nikamwambia, kaka, nakuamini, ila tangi halikujui.

Na kwenye mkataba ujao yaandikwe haya: nakala ya programu ya PLC ni mali yenu, nywila zote mtakabidhiwa, akaunti za watu wake zitafutwa akimaliza. Kama mkataba wa sasa haukuyasema, kumbuka ile fedha ya mkandarasi inayozuiwa mpaka kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kama kazi ina kasoro, kiishe. Omba nakala kabla hujasaini ilipwe. Ukidhani naongea kwa wivu wa kazi, tazama kaunti ya Maroochy, Queensland, Australia, mwaka 2000. Mtu aliyekuwa akifanya kazi kwa kampuni iliyofunga mitambo ya majitaka aliomba kazi kwenye halmashauri, akakataliwa. Akawa anaziamuru pampu kwa redio na laptopu akiwa ndani ya gari lake. Lita kama 800,000 za majitaka zikamwagika kwenye mito na viwanja.

Nywila nitazipitia haraka, maana kila mtu ameshahubiriwa. Badilisha ile ya kiwandani. Novemba 2023 kituo cha mamlaka ya maji ya Aliquippa, Pennsylvania, kilivamiwa kupitia PLC ya kampuni ya Unitronics, na onyo la serikali ya Marekani lililofuata lilitaja nywila ya kiwandani ya vifaa hivyo: 1111. Kila fundi awe na jina lake la kuingilia. Nywila kuu iwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kasiki ya meneja, na ule utepe wenye maandishi ya kalamu kwenye mlango wa paneli uubandue leo.

Kompyuta ya zamu isitumike kwa kingine chochote. Yetu ilikuwa inaonyesha Simba na Yanga, nami nilikuwa miongoni mwa watazamaji. Itenganishe na mtandao wa ofisi wenye bili, barua pepe na flashi za kila mgeni. Julai 2019 City Power, kampuni ya umeme ya Johannesburg, ilipigwa na programu inayofunga kompyuta na kudai fedha ili izifungue, wateja wakashindwa kununua umeme wa kulipia kabla. Nyaya na transfoma zilikuwa nzima. Kilichokufa ni kompyuta. Kama ofisi lazima ione takwimu za pampu, ziende ofisini kupitia ruta yenye ukuta wa kinga (firewall), na amri yoyote kutoka ofisini kwenda kwenye pampu ikatazwe.

Ila kama una fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua swichi ya boya. Itundike ndani ya tangi juu kidogo ya kiwango cha kawaida cha kuzima, waya wake upite moja kwa moja kwenye koili ya kontakta, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye pampu, usipite kwenye PLC. Maji yakifika pale, boya linanyanyuka, pampu inazima. Anayeandika 5.4 na aandike hata 54. Bei ya boya lenyewe haifiki ya tairi la pikipiki ya ofisi. Waya wa kutoka mlimani ndio ghali, na kama umbali ni mkubwa, weka vali ya boya kwenye bomba la kuingilia na swichi ya mgandamizo kule kwenye pampu: vali ikifunga, mgandamizo unapanda na swichi inazima pampu.

Klorini ni hivyo hivyo. Februari 2021, Oldsmar, Florida, kipimo cha sodiamu haidroksaidi, kemikali kali ya kupunguza tindikali kwenye maji, kilipandishwa kwenye skrini kutoka sehemu 100 kwa milioni hadi 11,100. Mwendeshaji aliona, akakirudisha. Baadaye kukawa na mashaka kama kweli alikuwa mvamizi au ni mtumishi aliyekosea. Kwa fundi, jibu lolote kati ya hayo linadai dawa ileile: pampu ya kudondoshea klorini iwe ndogo kiasi kwamba hata ikienda mwendo wake wote haiwezi kuwadhuru watu, na pipa lake liwe la siku moja tu.

Kisha jifunzeni kuendesha kwa mkono. Desemba 23, 2015 wadukuzi walizima umeme wa wateja wapatao 225,000 Ukraine, ukarudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni wakafunga swichi kwa mikono yao. Zoezi letu la kwanza lilikuwa aibu: swichi ya kuchagua mkono au otomatiki ya pampu namba 1 iliganda kwa kutu, na hakuna aliyejua ufunguo wa paneli uko wapi. Sasa tunafanya kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, mchana, saa mbili nzima bila kompyuta.

Siku ukiona kipanya kinatembea chenyewe, chomoa waya wa mtandao, kompyuta iache inawaka, piga picha skrini kwa simu, geuza pampu ziwe za mkono, ndipo umpigie meneja. Kwa Tanzania taarifa inapelekwa TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, iliyo chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Namba yao tumeiandika kwa rangi ukutani, pamoja na ya yule mzee wa mlimani. Yeye tumempa rula ya mbao yenye alama za sentimita, na kila baada ya saa tatu ananitumia ujumbe wa namba moja tu. Jana usiku: 3.42. Skrini ilisema 3.40.