Jinsi ya kuisikiliza Texas Flood kabla hujawaamini wakosoaji

Ukitaka kuielewa Texas Flood ya Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa la blues wa Marekani, ile albamu ya 1983, usianze na rivyuu, vaa hedifoni uisikilize yote mpaka wimbo wa mwisho, Lenny, unaisha, simu weka pembeni. Ilirekodiwa siku chache tu kwenye studio ya mwanamuziki Jackson Browne kule Los Angeles, jamaa watatu wanapiga pamoja kama wako stejini, ndo maana haina makorombwezo. Gitaa lake kalishusha nusu toni na nyuzi ni nene, kwahiyo ule mlio mzito sio mambo ya mashine tu.

Raundi ya pili fuata besi ya Tommy Shannon na dramu za Chris Layton, watu huwa wanawasahau hawa.

Halafu tafuta wimbo wenyewe wa Texas Flood, ule wa mwanzo wa Larry Davis, wa 1958, usikilize kisha rudi kwa Stevie, maana lawama iliyomwandama ni kwamba hana jipya, anakopi wakongwe wa blues. Mi naona walimwonea, japo kwenye mashairi wana pointi. Ukikuta rivyuu inaponda au kusifia tu bila kutaja wimbo hata mmoja, ruka.