Kuandaa Dua ya Pamoja ya MV Bukoba, Igoma
Meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996. Baadhi ya marehemu wamelala Igoma, Mwanza. Siku ya kumbukumbu, 21 Mei, anzeni saa 3 asubuhi. Ikiangukia Ijumaa, kama 2027, malizeni kabla ya saa 5 Waislamu wawahi msikitini.

Kusoma majina ya marehemu ndiyo kiini. Yahakikini na familia wiki 2 kabla, kwani jina likirukwa, kidonda kinatoneshwa. Wasomaji 2 wapokezane taratibu. Majina 100 huchukua kama dakika 10.

Sheikh, padri na mchungaji kila mmoja aombe kwa utaratibu wake. Msitunge sala ya mchanganyiko: wapo watakaoshindwa kuitikia. Wanasiasa dakika 3, inatosha kabisa.

Mbuzi achinjwe na Mwislamu, ili wote waweze kula. Kisha wafundisheni watoto kufunga kamba za jaketi la kujiokolea.